Herufi Tatu Mbele ya Jina la Pak Darmaji

Simu ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya meza ya kazi, kando ya kompyuta, na Bu Wuryani alikuwa amejiapiza kwamba hataigusa mpaka ilie yenyewe. Akaigusa. Hakukuwa na jipya. Akailaza tena, akaenda kutazama kama mlango wa nyuma umefungwa, ingawa alikuwa ameshautazama mara mbili.

Tangu magharibi mtaa mzima ulikuwa unangoja habari za Pak Darmaji; Pak huko ni Bwana, kama Bu alivyo Mama. Mzee alianguka bafuni jioni ile, majirani wakambeba hadi kwenye gari la mwenye duka la mbolea, wakampeleka hospitali kuu ya Klaten. Kundi la wanamtaa kwenye simu lilikuwa limejaa dua. Mungu amponye. Amina. Amina. Bu Wuryani naye aliandika amina, akaifuta, akaiandika upya. Ilimjia kwamba amina yake ndiyo ambayo watu wataisoma mara mbili.

Kwa maana ni yeye aliyekwisha kumtangaza mzee huyo kuwa marehemu.

Alimtangaza kwenye kadi mia nne alizotengeneza kwa harusi ya binti wa mzee huyo. Kadi ya harusi ina desturi yake: mzazi akiwa amefariki, jina lake hutanguliwa na herufi tatu ndani ya mabano, Alm., kifupi cha marehemu, ili mgeni ajue asimwulizie. Na pale palipoandikwa baba wa bibi arusi, kwa wino wa dhahabu, mbele ya jina la Pak Darmaji aliyekuwa hai na anayetembea, herufi hizo zilikuwa zimekaa kama zimezaliwa hapo. Kadi zilikuwa zimeshagawanywa hadi miji ya Wonosari na Boyolali.

Akiwa ameketi pale gizani, wazo moja lilimpitia. Kama mzee asipoamka, kadi zile hazitakuwa na kosa tena. Lilipita upesi, kama panya anavyokatiza jikoni, lakini alilijua ni lake. Akajipiga kofi la paja kwa nguvu mpaka akaumia.

Bu Wuryani alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Shule aliiacha kidato cha pili. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi katika duka la kuchapa fulana na mabango, kazi yake ikiwa kukunja na kufunga, lakini kila alipopita nyuma ya vijana wa kompyuta alipunguza mwendo. Alitazama wanabonyeza wapi, wanavuta nini. Usiku alichora vitu hivyo kwenye daftari kwa kalamu, picha ya kitufe na mshale, kwa sababu majina yake hakuyajua. Mumewe, Giyarto, alipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi na kufa, yeye alichukua fedha za rambirambi akanunua kompyuta iliyokwisha tumika. Wakwe zake walimwona amerukwa na akili.

Alianza na vibandiko vya pakiti za tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga. Kisha mabango ya sherehe za kutahiri. Kisha kadi. Alikuwa na jicho la maua na la nafasi. Alijua mahali pa kuacha pawe patupu. Lakini kilichomweka mjini si maua. Ni kwamba alikuwa na taratibu, na hakuziacha.

Mwezi mmoja kabla ya mambo haya, kina mama wa mtaa walipokutana kwa mchezo wao wa upatu, walimwomba awaeleze anavyojiendesha, maana wengine walikuwa na mabinti waliokaa nyumbani na kompyuta wasijue waanzie wapi.

"Bu Wur, usitufiche, tupe siri," alisema Bu Lasmi, muuza kripsi.

"Siri sina. Kwanza, usiguse kazi bila malipo ya kianzio. Mtu akikupa hata kidogo, atakumbuka kwamba ana kazi kwako. Asipokupa, atakukumbuka siku ya harusi asubuhi."

"Hata jirani?"

"Jirani ndiye hasa! Jirani atakwambia, tengeneza tu, tutaonana baadaye. Na hiyo baadaye yake haimo kwenye kalenda."

Wakacheka, na mmoja akamsukuma mwenzake begani, maana walijua anasemwa nani.

"Pili, kurekebisha ni mara tatu. Ya nne inalipiwa. Bila hivyo utabadilisha rangi ya ua mpaka bibi arusi ajifungue." Wakacheka tena, akangoja wanyamaze. "Tatu, na hii ishikeni kuliko zote. Hakuna kinachokwenda mtamboni kuchapwa kabla mteja hajaona sampuli ya mwisho na kuandika kwa mkono wake kwamba iko sawa. Ya mwisho, si ya jana. Ukibadilisha hata nukta, mwonyeshe tena. Usiyaamini macho yako. Macho ya aliyetengeneza huona anachotaka kuona."

Bu Darmaji, mke wa mzee, alikuwepo siku hiyo, amekaa karibu na birika. Alimgeukia jirani yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mnaona? Harusi ya Lupi sihangaiki kutafuta mtu. Nampa huyu."

Na alimpa. Palupi, huyo Lupi, bibi arusi mwenyewe, alikuja mara tatu kuona sampuli. Bu Wuryani alikuwa na mtindo wake: sampuli aliichapa karatasini, mteja akaishika, akaitazama mwangani, kisha karatasi ilirudi kwenye droo yake, mteja asije akaipeleka kwa mchoraji wa bei poa. Palupi aliitazama ya tatu kwa muda mrefu, akiwa amebana midomo kwa furaha. Alipofika nyumbani alituma ujumbe: Sawa kabisa, Bu. Nzuri mno. Endelea.

Kesho yake Bu Darmaji alipiga simu. Shangazi za Lupi wamenuna. Majina yao hayamo katika orodha ya jamaa wanaoungana kuwaalika wageni. Yaongezwe, majina kumi na moja, tafadhali, na mtambo unafunga oda jioni.

Majina kumi na moja hayakuingia. Aliyabana, aliyapunguza, ukurasa ukawa kama basi la sikukuu. Ndipo alipoikumbuka kadi ya Endah, binti yake mkubwa, aliyeolewa Semarang miaka minne iliyopita. Ile kadi ilikuwa na mkunjo wa ziada na orodha ndefu, na ilikuwa ndiyo kadi nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Akafungua faili lake. Akabadilisha bwana arusi, akabadilisha bibi arusi, akabadilisha mama. Akafuta Giyarto, akaandika Darmaji. Akayapanga majina ya shangazi. Akasoma yote kwa sauti mara tatu, akifuata kwa kidole kwenye kioo.

Kidole kilipita juu ya zile herufi tatu bila kusita. Miaka minne alikuwa akiliona jina la baba wa bibi arusi likiwa nazo. Alilia juu yake alipoziandika mara ya kwanza, kisha akazizoea, kisha zikawa kama sehemu ya jina lenyewe. Hakuziona.

Na Palupi hakuonyeshwa kadi hii mpya. Jua lilikuwa linazama, mtambo unafunga, na yeye alijiambia ni majina tu yaliyoongezeka.

Aliyegundua kosa alikuwa Pak Tukiran wa Wonosari, aliyewahi kufundisha shule moja na Pak Darmaji. Alipata kadi, akaisoma, akavaa kofia nyeusi, akapanda pikipiki. Alifika ana mfuko wa sukari na majani ya chai, kama anavyofika mtu msibani, akiwa ameinamisha kichwa. Mzee mmoja aliyevaa saruni alikuwa anamwagilia pilipili kwenye makopo.

"Assalamu alaikum," alisema bila kuinua macho. "Mimi ni rafiki wa marehemu. Mnisamehe, habari imenichelewa."

"Marehemu gani tena?"

Pak Tukiran akainua macho. Mfuko wa sukari ukamponyoka.

"Darmaji?"

"Tukiran! We mtu, umezeeka!"

"Mimi nimezeeka, wewe si umekufa!"

Wazee wawili walicheka mpaka wakashikana mikono wasianguke. Walicheka hata baada ya kadi kutolewa mfukoni na kusomwa. "Basi sukari yangu naondoka nayo," alisema Pak Tukiran. "Thubutu!" alijibu mwenzake. "Iache hapo. Siku yenyewe ikifika usije mikono mitupu ukasema ulishaleta."

Kicheko kiliishia sebuleni. Shangazi mkubwa aliisoma kadi, akaiweka chini kama kitu cha moto. Kumwita mtu hai marehemu ni kumwitia kifo, tena kabla ya ndoa, tena kwa wino wa dhahabu! Nani anacheka hapo?

Wakamwita Bu Wuryani.

Njiani alikuwa na maneno yake tayari. Alikuwa amekwisha kulifungua faili, ameona. Angesema, ni mimi, nimekosa, nitazichapa upya zote. Lakini alipovua ndala mlangoni akaona wanawake sita wameketi mikekani, na Bu Lasmi katikati yao amekuja kusikiliza, maneno yalimkauka. Alimfikiria Nastiti, binti yake mdogo, na shule yake. Alifikiria meza yake bila kazi. Aliona vizuri jinsi habari itakavyosimuliwa: yule aliyekuwa akitufundisha.

"Bu Wur," alisema Bu Darmaji, "hii imekuwaje?"

"Nasikitika sana, Bu. Sana." Mkono wake ulikuwa umeshaishika simu. "Lakini mnanijua. Mimi sichapi bila ruhusa."

Akawaonyesha ujumbe. Sawa kabisa, Bu. Nzuri mno. Endelea.

Bu Darmaji alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Lupi! Hebu njoo. Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Lakini sikuona..."

"Hukuona! Jina la baba yako hukuliona! Ulikuwa unaona maua!"

"Amemzika baba yake kwa kidole gumba," alisema shangazi, na mmoja akaguna.

Palupi aliichukua kadi, akaitazama, kisha akamtazama Bu Wuryani. Hakuwa anamshtaki. Alikuwa anauliza kweli, kama mtoto anavyouliza.

"Bu, kwenye sampuli niliyoishika, ilikuwa hivihivi?"

Kulikuwa na kitambo kifupi hapo. Baadaye Bu Wuryani alikirudia kitambo hicho mara nyingi, akajiona akijibu vingine.

"Ilikuwa hivyohivyo, Lupi."

"Basi ni macho yangu," alisema Palupi taratibu.

Bu Wuryani akasema kwamba, kwa ujirani, atazichapa upya kwa nusu ya bei. Na Bu Darmaji, akiwa na machozi, alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Hilo ndilo lililomwunguza kuliko yote. Alipofika nyumbani aliitoa ile sampuli ya tatu kwenye droo, safi, isiyo na herufi yoyote mbele ya jina la mzee, akaichoma nyuma ya nyumba pamoja na majani makavu. Alisimama hapo mpaka ikawa jivu. Sasa hapakuwa na kitu duniani cha kumsafisha Palupi ila kinywa chake mwenyewe.

Siku ya tatu yake, Pak Darmaji akaanguka.

"Mama, hujalala?" Nastiti alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba, amejifunga shuka.

"Nangoja habari."

"Habari utazipata asubuhi. Umeshakunywa chai ngapi?"

"Lala wewe."

Msichana hakulala. Alikuja akaketi chini, mgongo ukiegemea mguu wa meza. Alikuwa na miaka kumi na saba.

"Mama. Lupi amezuiwa kuingia wodini."

"Nani kamzuia?"

"Shangazi zake. Wanasema mzee akimwona presha itapanda tena. Amekaa nje kwenye benchi tangu jioni. Nimempelekea wali, hakula."

Bu Wuryani alishika ukingo wa meza.

"Halafu anasema kitu cha ajabu," Nastiti aliendelea. "Anasema labda ana ugonjwa wa macho. Maana anakumbuka aliusoma huo mstari, anakumbuka kabisa, jina la baba yake tu, halina kitu. Ataenda kupimwa. Anaogopa kumwambia mchumba wake."

Nastiti aligeuza uso akamtazama kutoka chini, akatazama muda mrefu, na mama yake aliyezoea kuwachunguza watu wote mtaani alijua sasa anachunguzwa yeye.

"Mama?"

"Nilimdanganya."

Alilisema haraka. Kisha akasema mengine yote: majina kumi na moja, faili la Endah, droo, moto. Nastiti alisikiliza hadi mwisho. Aliposikia jina la baba yake lilivyofutwa na herufi zake zikabaki, aliweka mkono mdomoni.

"Si ungesema tu siku hiyo, Mama," alisema hatimaye. "Mtu yeyote angeelewa."

"Ndiyo."

"Wangeelewa kabisa."

"Najua. Nyamaza sasa."

Waliketi hivyo. Bu Wuryani alingoja, na moyo wake ulikuwa umegawanyika vibaya. Mzee akifa, yeye hataweza tena kusema lolote. Atasema vipi juu ya maiti? Na Palupi ataishi maisha yake yote akiamini kwamba ndiye aliyemuua baba yake. Mara hii aliomba kweli, bila kuandika, mikono ikiwa magotini.

Ujumbe uliingia karibu na alfajiri. Uliandikwa na mwenye duka la mbolea. Mzee ameamka. Anaongea. Ameomba chai, daktari amemkatalia sukari, amegomba.

Nastiti alicheka na kulia pamoja. Bu Wuryani alikuwa ameshasimama anatafuta ushungi wake.

"Sasa hivi? Hata hakujakucha."

"Bu Darmaji atakuwa anarudi nyumbani kuoga na kuchukua nguo. Nikingoja, nitapata sababu ya kungoja tena."

"Na wateja je, Mama? Bu Lasmi akijua..."

"Bu Lasmi atajua kabla sijarudi nyumbani." Alijifunga ushungi, akaufungua, akaufunga upya. "Usinifuate."

Alipita kwenye uchochoro akiwa na bahasha ya ile nusu ya bei aliyokuwa amelipwa na Bu Darmaji, haijapungua. Taa ya sebule kwa kina Darmaji ilikuwa inawaka. Dirishani, nyuma ya pazia, aliona kivuli cha mtu mzima kikikunja nguo na kingine, chembamba, bila shaka cha Lupi aliyerudi naye, kimeketi pembeni mbali naye.

"Hodi," alisema.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Bu Darmaji, imechoka.

"Mimi, Bu. Wuryani."

"Karibu, Bu Wur. Ngoja nifungue, nimeshika..."

"Usifungue!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Mtu aliyekuwa anafagia nyumba ya pili akasimamisha ufagio. "Usifungue kwanza, Bu. Nikikuona usoni sitasema. Nisikilize hivi hivi."

Akausogelea mlango mpaka ushungi wake ukaugusa ubao.

"Lupi hakukosea. Sampuli aliyoiona ilikuwa safi. Macho yake ni mazima. Uliponipigia simu kuongeza majina, nilichukua kadi ya Endah wangu nikaandika juu yake, na zile herufi ni za mume wangu, zikabaki. Sikumwonyesha Lupi. Nikapeleka mtamboni. Halafu aliponiuliza mbele yenu, nikamdanganya. Nikaichoma na sampuli, msije mkaiona." Akavuta pumzi. "Amezuiwa kumwona baba yake kwa kosa langu mimi. Kadi mpya nitazilipa zote. Na huko msikitini, na kwenye upatu, popote, mkitaka nilirudie hili mbele ya watu, nitalirudia."

Ufagio wa jirani haukusikika. Bu Wuryani alikiona kitasa kikishuka nusu, kana kwamba mkono umekilalia, na akarudi nyuma hatua moja, akashusha macho, tayari kwa kofi au kwa lolote.

Kisha akasikia, "Lupi." Halikuwa jina la kugomba. "Lupi, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Njoo hapa. Njoo, njoo kwangu."

Kulisikika miguu mitupu ikipita sakafuni, kiti kikasukumwa, halafu kilio cha mtu aliyekibana siku nyingi, na mwingine akimbembeleza, akisema kavae, kavae twende, baba yako anakungoja.

Kitasa kilipanda polepole mpaka kikarudi mahali pake. Bu Wuryani alisubiri. Aliinama akaipenyeza bahasha chini ya mlango, na baada ya kitambo ikasukumwa kurudi nje, bila neno. Akaipenyeza tena. Safari hii haikurudi. Lakini komeo liliteremshwa kwa ndani, mlango ukabaki umefungwa, naye akabaki amesimama mbele yake, huku jirani akimtazama.